Kichwa cha simba, namba 4: picha hii ilichorewa nani?

Swali: Nimelelewa Mombasa, sasa naishi Leicester. Kwenye soko la vitu vya kale nimenunua karatasi moja yenye picha ya rangi: mtu mwenye kichwa cha simba ameketi, amemlaza mtu mwingine mapajani na anampasua tumbo. Chini pameandikwa kwa wino "Nursingh", na kwenye kona ya juu kuna namba 4. Aliyeniuzia alisema ni ya India, enzi za Mwingereza. Jirani yangu Mhindu alipoiona aliunganisha viganja akainamisha kichwa. Mama yangu, nilipomwonyesha kwa simu, akasema nisiitundike ukutani kwa kuwa ni kitu cha kuabudiwa. Nani kati yao yuko sahihi? Na kwa nini Mwingereza atake picha ya kutisha namna hii?

Jibu: Dada, asante kwa picha tatu ulizotuma. Iliyonisaidia zaidi ni ile uliyopiga karatasi ikiwa imeelekezwa dirishani, kwa hiyo nitaanza na karatasi kabla ya kumgusa huyo mwenye kichwa cha simba.

Kwenye mwanga zinasomeka herufi MAN na chini yake 1821. Huo ni mkia wa jina J WHATMAN, karatasi ya Kent, Uingereza. Mwanzo wa jina ulikatwa mtu alipopunguza kingo. Mwaka umo ndani ya karatasi kwa sababu ya kodi. Sheria ya Uingereza ya 1794 iliwaruhusu wenye viwanda kurudishiwa ushuru wa karatasi waliyouza nje, kwa sharti kwamba mwaka wa kutengenezwa uonekane ndani ya karatasi yenyewe. Sheria ile ya forodha imetufaa sana sisi tunaochunguza picha za India, maana wachoraji wengi hawakuweka jina wala tarehe. Basi picha yako haikuchorwa kabla ya 1821. Inaweza kuwa ya baadaye: karatasi ilipakiwa melini, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi, na ikifika bandari ya Madras, kusini mwa India, inaweza kukaa ghalani miaka kadhaa kabla ya kuguswa na brashi.

Tahadhari moja hapa. Karatasi ya zamani peke yake haithibitishi kwamba mchoro nao ni wa zamani. Katika masoko ya watalii nchini India, hasa Rajasthan, wachoraji wa leo huchora juu ya kurasa za madaftari makuukuu ya hesabu na karatasi za mahakama, na wengine husema wazi kwamba ndivyo wanavyofanya. Kwako nilichotazama ni mkunjo ule unaopita kwenye goti la mungu. Rangi imepasuka pamoja na karatasi. Haikumwagikia ndani ya mkunjo. Maana yake picha ilitangulia, mkunjo ukafuata. Hilo limenituliza.

Sasa kwa mchoraji. Nyuma ya karatasi kuna mstari mmoja wa maandishi ya duara duara, yasiyo na ule mstari wa juu unaoning'iniza herufi za Kihindi. Hiyo ni hati ya Kitelugu. Ukiunganisha na kipande cha ardhi ya kijani miguuni, anga la bluu linalofifia kuwa jeupe, na vivuli vilivyowekwa upande mmoja wa mwili kwa namna ya Kizungu, mimi naegemea kusini mwa India: Thanjavur au miji ya jirani, miaka ya 1820 hadi 1830 na kitu. Thanjavur ni nchi ya Watamil, lakini wachoraji wengi waliofanya kazi kwa wageni huko walikuwa watu waliozungumza Kitelugu, wa tabaka ambalo Waingereza waliliandika "Moochy". Walikuwa mafundi wa ngozi, ala za panga, matandiko ya farasi na samani, na uchoraji ulikuwa mmoja wa mikono yao. Mfalme wa mji wakati huo alikuwa Serfoji wa Pili, Mmaratha aliyefunzwa na mmisionari Mjerumani Christian Friedrich Schwartz. Mwaka 1799 aliikabidhi Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki utawala wa nchi, akabaki na kasri, maktaba na heshima. Kwa hiyo mji ulikuwa na mafundi wengi, mfalme aliyependa sanaa bila kuwa na vita vya kupigana, na maofisa wa Kizungu waliokuja kwa miaka michache kisha wakahamishwa. Maofisa hao ndio waliokuwa soko.

Waliagiza nini? Albamu. Hawakuwa na kamera, na walitaka kurudi Uingereza na India ndani ya sanduku. Wachoraji wakajua haraka kinachouzika, wakawa na seti zilizo tayari: mafundi wa kila kazi pamoja na wake zao wawili wawili, maandamano ya sherehe, mahekalu, na miungu. Seti ya miungu ilienda kwa mpangilio. Kulikuwa na mungu Shiva na sura zake, mungu wa kike Devi na sura zake, miungu wa vijiji, na zaidi ya yote avatara kumi za mungu Vishnu, yaani miili kumi anayoivaa kushuka duniani mambo yanapoharibika: samaki, kobe, nguruwe dume, simba-mtu, mbilikimo, Rama mwenye shoka, Rama mwenye upinde, na kuendelea hadi Kalki, ajaye na farasi mweupe mwisho wa zama. Hesabu mwenyewe: simba-mtu ni wa nne. Namba yako 4 ndiyo hiyo. Una ukurasa mmoja wa seti ya kumi, au ya albamu nzima iliyoanza na hiyo kumi, ambayo mtu aliitenganisha ili auze kurasa moja moja. Biashara hiyo bado inaendelea na mimi siipendi, kwa sababu albamu ikishakatwa, mpangilio wake, jina la mwenyewe kwenye jalada na maelezo ya mwanzo hupotea, na hapo ndipo ushahidi wote ulipokuwa.

(Kwa wanaopenda kuchimba: nafasi ya nane na ya tisa hutofautiana kwa mahali. Kaskazini utakuta Krishna kisha Buddha. Kusini mara nyingi ni Balarama kisha Krishna. Ukipata ukurasa wa tisa wa seti yako, utatuambia mengi kuhusu ilikotoka.)

Tumtazame huyo simba-mtu sasa, ambaye jina lake ni Narasimha, kwa sababu ndipo swali lako la "kutisha" linapojibiwa. Kisa chake kinajulikana India nzima. Mfalme Hiranyakashipu alipata ahadi kutoka kwa mungu Brahma kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, mchana wala usiku, ndani ya nyumba wala nje, ardhini wala angani, wala kwa silaha yoyote. Akajiona hafi. Akaamuru aabudiwe yeye. Mwanawe Prahlada akakataa, akashikilia kumwabudu Vishnu. Baba akamuuliza kwa kejeli: huyo Vishnu wako yumo hata kwenye nguzo hii? Yumo, akasema mtoto. Mfalme akaipiga nguzo, ikapasuka, akatoka kiumbe ambaye si mtu wala si mnyama, saa ya magharibi ambayo si mchana wala usiku, akamkamata kizingitini ambapo si ndani wala nje, akamlaza mapajani ambapo si ardhini wala angani, akampasua kwa kucha, ambazo si silaha.

Chukua kioo cha kukuzia utazame picha yako ukiwa na kisa hicho kichwani. Mguu wa mfalme unaning'inia, kidole gumba hakigusi ardhi, na mchoraji ameacha uwazi mwembamba makusudi. Nyuma kuna nguzo mbili nusu nusu zilizopinda kwenda nje: hizo si nguzo mbili, ni moja iliyopasuka. Chini ya kiti umepita mstari wa kahawia unaoonekana kama rangi iliyokosewa. Hicho ni kizingiti. Halafu hesabu mikono ya mungu. Miwili ya chini inafanya kazi tumboni. Miwili ya juu imeshika kombe la baharini na gurudumu, alama za Vishnu. Gurudumu ni silaha kali kuliko zote alizonazo, na hapa ameliinua tu, halitumiki, kwa sababu ahadi ilisema silaha hapana. Kila sharti la ahadi limechorwa. Mnunuzi aliona jitu linakula mtu. Mchoraji alichora hoja ya kisheria, kifungu kwa kifungu.

Hapo ndipo picha hizi zinaponivutia kuliko zinavyowavutia baadhi ya wenzangu, ambao kwa muda mrefu walizidharau kama vitu vya watalii, Kihindi nusu na Kizungu nusu. Ni kweli kwamba umbo la nje liliamuliwa na mteja. Ukubwa wa karatasi ni wa kutoshea albamu. Uwanja mtupu nyuma ya mungu umetoka kwenye vitabu vya Ulaya vya mimea na ndege, ambako kila kiumbe husimama peke yake juu ya karatasi nyeupe ili kichunguzwe. Jina na namba ni za mteja pia. Kwa kawaida aliandika mwenyewe au karani wake, kwa kusikia tu, ndiyo maana Narasimha akawa "Nursingh" na Wafaransa wa Pondicherry wakamwandika Shiva "Chiven". Lakini ndani ya umbo hilo mchoraji hakupunguza kitu. Mteja asingejua kama kizingiti kimekosekana. Kimewekwa.

Turudi kwa mama na jirani. Katika mji uleule wa Thanjavur, miaka ileile, zilitengenezwa picha za ibada, nazo ni kitu kingine kabisa. Zilichorwa juu ya ubao, mara nyingi wa mfenesi, uliogandishwa kitambaa na kupakwa lipu nyembamba ya chokaa na gundi. Mapambo yalinyanyuliwa kwa lipu hiyohiyo, yakafunikwa karatasi ya dhahabu na kupachikwa vipande vya vioo vinavyomeremeta kwenye mwanga wa taa ya mafuta. Mungu hukaa katikati, mkubwa, uso ukimwelekea mtu, kwa sababu ibada yenyewe ni kuonana: mwabudu amtazame mungu na mungu amtazame mwabudu. Wahindu huita darshan. Macho ya sanamu ya hekaluni hufunguliwa kwa sherehe yake maalumu, na kabla ya hapo ni kazi ya fundi tu. Picha yako haikupitia njia hiyo. Narasimha wako anatazama pembeni, kuelekea anachokifanya. Imechorwa ili isomwe, na mtu ambaye mchoraji alijua fika kwamba hatainama mbele yake.

Kwa hiyo mama ana haki ya kuuliza, ila picha hii haikutengenezwa iabudiwe. Kama inafaa kutundikwa nyumbani kwenu ni suala la dini yenu, na hilo muulizeni shehe wenu; mimi ni mtu wa karatasi na rangi. Na jirani naye hakukosea. Kwa Mhindu, mungu hazuiwi na nia ya aliyelipa, na hata picha ya kalenda huwekewa ua na ubani. Wewe uliyekulia Mombasa utakuwa umeziona kalenda hizo kwenye maduka, Lakshmi juu ya kaunta na sarafu zikimdondoka mkononi. Nasaba ya kalenda hizo ni nyingine: zinatokana na picha za mashine, hasa baada ya mchoraji Raja Ravi Varma kufungua kiwanda chake cha uchapaji Bombay mwaka 1894. Hizo zilichapwa kwa ajili ya Wahindu wenyewe.

Vilevile si kila picha ya mungu wa Kihindu iliyomo kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya ilichorwa kwa Mzungu. Kosa hilo ni la kawaida. Picha za Kalighat, kandokando ya hekalu la Kali huko Kolkata lililojengwa upya mwaka 1809, zilichorwa harakaharaka kwa brashi nene kwenye karatasi rahisi ya kiwandani, na wanunuzi wakuu walikuwa mahujaji waliotaka kurudi na ukumbusho. Wazungu wakaokota nao. Mkusanyo mkubwa kuliko yote uko jumba la Victoria and Albert, London, na sehemu yake nzuri ilikusanywa na John Lockwood Kipling, kisha ikatolewa mwaka 1917 na mwanawe, yule mwandishi Rudyard Kipling.

Kuhusu kwa nini Mwingereza alitaka picha hizi, wako wa aina kadhaa na hawakupatana. Wengi walitaka kumbukumbu tu. Wengine walikuwa wasomi: William Jones, jaji wa Calcutta (ndiyo Kolkata) aliyeanzisha chama cha wasomi cha Asiatic Society mwaka 1784, aliandika insha akilinganisha miungu ya India na ya Wagiriki na Warumi, na insha ile ikahitaji michoro. Edward Moor, askari wa Kampuni, alikusanya picha na sanamu za shaba kwa miaka, akachapisha London mwaka 1810 kitabu kinene kuhusu miungu ya Kihindu kikiwa na kurasa nyingi za michoro. Kwao hizi zilikuwa data. Wamisionari nao walitaka kuwajua miungu ili wawapinge, na hapo mambo yalikuwa na utata wake. Bartholomäus Ziegenbalg, Mjerumani aliyeishi Tranquebar, si mbali na Thanjavur, alimaliza mwaka 1713 kitabu kuhusu nasaba ya miungu ya kusini mwa India kwa kuwauliza Watamil wenyewe. Wakubwa wake huko Halle, Ujerumani, hawakufurahi: alitumwa kung'oa upagani, si kuusambaza Ulaya. Muswada ukakaa kabatini hadi 1867.

Na usidhani ilianza na Waingereza. Niccolao Manucci, mtu wa Venice aliyeishi India zaidi ya nusu karne, aliagiza picha za miungu na sherehe za Kihindu karibu na mwanzo wa karne ya 18, nazo ziko Venice hadi leo. Kabla yake, mnamo miaka ya 1540, mchoraji wa Kihindi alimchorea Mreno, pengine huko Goa, kitabu cha picha 76 ambacho sasa kiko maktaba ya Casanatense, Roma. Hiki kitakugusa wewe wa Mombasa: picha zake zinaanzia watu wa Afrika ya Mashariki, zinapita Uarabuni na Uajemi, zinakwenda hadi China, na miungu ya Kihindu imo humohumo. Bahari yote ambayo Mreno alitaka kuitawala ameiweka kwenye jalada moja, kila watu na mavazi yao na maelezo mafupi juu yao. Tabia ya kuweka mtu, ndege na mungu kwenye ukurasa wa namna moja ilikuwapo tangu hapo.

Soko lilipokufa, lilikufa upesi. Kusini walihamia kidogo kwenye picha ndogo za kuchora juu ya vipande vyembamba vya ulanga, yale madini yanayong'aa yaliyowahi kuchimbwa pia milima ya Uluguru; Trichinopoly ilijulikana kwa kazi hiyo. Kisha kamera ikaenea kuanzia miaka ya 1850. Mwaka 1855 mfalme wa mwisho wa Thanjavur akafa bila mtoto wa kiume, na Kampuni ikaifuta dola yake. Ofisa aliyetaka ukumbusho akanunua picha ya kamera.

Mwisho ni utunzaji, maana naona kwenye picha yako ya pili umeiegemeza juu ya radieta. Iondoe leo. Rangi hizi ni za maji zilizochanganywa gundi na zimepakwa nene. Joto kavu huzifanya zinyanyuke kama magamba, na tayari nyekundu ya joho la mfalme imeanza. Usiifute hata kwa kitambaa kikavu. Usiipeleke kupakwa plastiki, na fundi wa fremu akikuambia ataigandisha kwenye kadibodi, chukua karatasi yako uondoke. Mwambie atumie kadi isiyo na asidi, aishike kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani kwenye ukingo wa juu tu, na kioo kisiguse rangi. Kama mtakubaliana na mama itundikwe, iwe ukuta usiopigwa na jua. Mstari wa Kitelugu nyuma usifunikwe. Piga picha nzuri uiweke pamoja na risiti, kwa kuwa sheria ya India ya 1972 inakataza kutoa nchini vitu vya sanaa vilivyozidi miaka 100, na siku ukitaka kuuza au kutoa zawadi utaulizwa ilifikaje Uingereza.

Na Jumamosi ijayo rudi kwa yule muuzaji umuulize, bila kuonyesha hamu sana, kama anazo nyingine zenye mwandiko huohuo kwenye kona. Namba 3 itakuwa na kichwa cha nguruwe, na namba 5 ni mtu mfupi mwenye mwavuli.